Machela Mbili za Idenge

Mwezi wa Julai, asubuhi, nyasi za Idenge huwa nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda kwa baridi. Watu hutoka nje wamejitanda mablanketi, na kila mmoja anatafuta mahali penye jua. Mama Tabea alikuwa na mahali pake. Palikuwa nyuma ya jiko, kwenye ukuta unaotazama mashariki. Hapo alikaa kila asubuhi akimenya viazi.

"Ema! Njoo uote jua, mwanangu. Maji utachota baadaye."

"Nakuja, mama."

Ema alikuja polepole, mkono mmoja kiunoni. Alikuwa mke wa Yoeli, mtoto wa pekee wa Tabea. Mimba yake ilikuwa ya kwanza, na ilikuwa imekaribia kutimia. Yoeli mwenyewe hakuwapo. Alikuwa mbali, Kilosa, akikata mkonge kwa mkataba. Siku ya kuondoka alimwambia mama yake maneno machache tu: "Mama, nakuachia Ema." Tabea aliyaweka maneno hayo moyoni. Tangu siku hiyo alimtunza Ema kuliko alivyowatunza kuku wake, na Tabea alikuwa mtu wa kuku.

Zama hizo Mwingereza ndiye aliyetawala, na vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha si zamani. Lori la kuchukua watu wa mkonge lilisimama Makambako, na vijana wa Idenge walikwenda kulipanda. Nyumbani walibaki wazee, wanawake, watoto, na wanaume wachache wa kuhesabika.

Na hao wachache walikuwa wamegawanyika.

Kijito kilipita katikati ya Idenge. Kilikuwa kijito kidogo, mbuzi alikiruka bila kujiuliza. Huku waliishi Walutheri, na kule waliishi Wakatoliki. Wote walikuwa Wabena, wote walilima ulezi na mahindi, na ukifuatilia vizuri ungekuta bibi wa huyu ni shangazi wa yule. Zamani walikuwa na machela moja. Kama hujapata kuiona, ni mianzi miwili mirefu, na katikati blanketi nene limeshonwa kwa kamba. Mgonjwa analazwa humo, wanaume wanaiweka begani, na safari inaanza. Hakukuwa na njia nyingine ya kumfikisha mgonjwa kwenye barabara kubwa ya Njombe. Milima ilikuwa mikali, kwa hiyo wabebaji walipokezana. Wanne walibeba, wanne walipumzika huku wakitembea. Nao waliimba, ili miguu iende pamoja. Wabebaji wasiokwenda pamoja humtikisa mgonjwa, na wanaweza kumwangusha.

Hivyo ndivyo ilivyotokea mwaka uliopita. Walikuwa wamembeba Mzee Gideoni, ambaye alivunjika mguu. Walipofika kwenye mteremko, Walutheri waliokuwa mbele walianza wimbo wa kanisani kwao. Wakatoliki waliokuwa nyuma wakaona, kwa nini kila siku ule wa kwenu? Wakaanza wimbo wa Bikira Maria. Wa mbele wakapaza sauti. Wa nyuma wakapaza zaidi. Miguu ya mbele ikaenda yake, ya nyuma ikaenda yake. Machela ikapinduka, na Mzee Gideoni akabiringika kwenye nyasi.

Mzee hakuumia zaidi. Tena alicheka. Lakini wabebaji hawakucheka. Kila upande uliulaumu mwingine mpaka jioni, na tangu siku hiyo kila upande ukatengeneza machela yake. Ile ya Walutheri aliishona Mama Tabea kwa mikono yake. Alitumia blanketi jipya kabisa, tena akatamka mbele ya watu, "Hii ni ya kanisa letu. Hakuna mtu wa ng'ambo atakayeishika." Watu walimpigia makofi. Alirudi nyumbani akiwa amefurahi sana, nasi tusimcheke, maana wengi wetu tumepata kupigiwa makofi kwa jambo la kijinga.

Asubuhi hiyo ya sakitu, mtu alipiga hodi.

"Kamwene, Tabea."

Tabea aliinua kichwa. Alikuwa Vestina, mke wa Mwalimu Alois, katekista wa kule ng'ambo. Walikuwa wamekua pamoja, Vestina na Tabea, wakalala ngozi moja utotoni. Sasa walisalimiana tu wanapokutana njiani.

"Kamwene," alijibu Tabea. "Karibu." Lakini hakumsogezea kigoda.

"Nimeleta mbegu ya maharage uliyoniazima mwaka juzi," alisema Vestina. Kisha macho yake yakamwangukia Ema. Akaacha habari ya maharage. "Mwanangu, hebu nione miguu yako."

Vestina alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya misheni, akiwasaidia masista kuzalisha. Alichuchumaa, akabonyeza mguu wa Ema kwa kidole gumba. Alipotoa kidole, shimo lilibaki pale.

"Na mikono? Kunja vidole. Je, uso unakuvimba asubuhi?"

"Ndiyo, mama. Nilifikiri ni baridi."

"Kichwa kinauma?"

Ema alimtazama mama mkwe wake kwanza. "Kinauma. Jana sana. Na wakati mwingine naona kama vimulimuli mbele ya macho."

Tabea aliacha kumenya. "Mbona hukuniambia?"

"Sikutaka kukusumbua, mama."

Vestina alisimama. Alisema kwa sauti ya chini, polepole, ili aeleweke. "Tabea, sikiliza. Miguu kuvimba kidogo ni kawaida kwa mwenye mimba. Lakini uso na mikono vikivimba, kichwa kikiuma sana, na macho yakiona mambo, hiyo si kawaida. Hiyo ni dalili ya kifafa cha mimba. Akishikwa na kifafa, tunaweza kumpoteza yeye na mtoto. Dawa za mitishamba haziwezi. Mimi pia siwezi. Aende hospitali Njombe, leo, kabla uchungu haujaanza."

"Leo? Wanaume wetu wengi wamekwenda kukata miti ya kanisa. Watarudi Jumamosi."

"Usingoje Jumamosi. Alois atawaita watu wetu."

Hapo Tabea alikaza shingo. Alikumbuka makofi. Alikumbuka maneno yake mwenyewe mbele ya watu. "Asante, Vestina," alisema. "Tuna watu wetu, na machela yetu tunayo."

Vestina aliweka mbegu za maharage juu ya kigoda kitupu, akaondoka.

Usiku ule Tabea hakupata usingizi mzuri. Kulipokucha, Ema alikuwa amekaa kitandani ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Mama," alisema, "sikuoni vizuri. Na tumbo limeanza."

Tabea alitoka mbio bila blanketi. Alimwita Kefa, mzee wa kanisa. Kefa alimwita Filbert, ambaye goti lake moja lilikuwa bovu. Wakapatikana wengine wawili, Yoramu na Kristofa, nao hawakuwa vijana. Wanne tu. Walimlaza Ema kwenye blanketi jipya, wakaiinua machela, wakaenda.

Hadi kijitoni walikwenda vizuri. Walivuka. Kisha kilima kikaanza, kile kinachopanda katikati ya nyumba za Wakatoliki mpaka kwenye njia ya barabarani. Walipanda kidogo, wakatua. Wakapanda tena, wakatua. Hakukuwa na wa kuwapokea. Goti la Filbert likakataa, akaketi chini, akalia kwa hasira kama mtoto.

"Mama Yoeli," alisema Kefa huku akihema, "hatutafika. Mwenyezi Mungu anisamehe, hatutafika."

Tabea alipiga magoti kando ya machela. Ema alikuwa amefumba macho. Uso wake ulikuwa umevimba hata hakufanana na yeye. Tabea aliushika mkono wake, akayasikia tena maneno ya Yoeli: Mama, nakuachia Ema. Angemjibu nini? Angemwambia kwamba mke wake alikufa mlangoni mwa watu, kwa sababu mama yake alipigiwa makofi?

Aliinuka. Nyumba ya Mwalimu Alois ilikuwa palepale juu. Mbele ya nyumba walisimama watu wanne: Alois, Kasimiri, Dionis na kaka yake. Vestina alikuwa mlangoni. Walikuwa wakitazama tangu mwanzo.

Tabea hakusalimu. "Nisaidieni," alisema. "Nilisema neno baya mbele ya watu. Mnalijua. Nawaomba mnisaidie."

Kasimiri alikuwa mtu wa kukumbuka mambo. Alikunja mikono. "Machela ile si ya kushikwa na watu wa ng'ambo. Ulisema mwenyewe, mama. Mimi nilikuwepo."

"Nilisema," alijibu Tabea, na machozi yakamtoka. "Nilikosa, Kasimiri. Mwanangu anakufa."

Vestina alikuwa ameshavaa kitenge cha pili na kuchukua kibuyu cha maji. "Kasimiri," alisema, "siku ya Mzee Gideoni sisi nasi tulipiga kelele, ila wewe umeikumbuka sauti ya upande mmoja tu. Haya, tazameni. Wale ni wanne. Ninyi ni wanne. Wanne hawaupandi mlima huu, tunajua wote. Tangu lini Idenge ikawa na watu wa kugawana?"

Mwalimu Alois alivua koti lake, akaliweka begani ili mwanzi usimkate, akateremka. Dionis na kaka yake wakamfuata. Kasimiri alibaki peke yake uwanjani. Alijikuna shingo. Kisha akaingia ndani, akatoka na blanketi la machela ya Wakatoliki, akaja kumfunika Ema nalo.

"Upepo wa huko juu ni mkali," alisema, bila kumtazama mtu.

Safari ikaanza tena. Wanne walibeba, watatu wakapumzika, maana goti la Filbert halikuweza tena. Lakini machela iliyumba. Kila mtu aliona sababu, na hakuna aliyetaka kuitaja. Walikuwa kimya. Kefa aliogopa kuimba wake. Alois aliogopa kuimba wake. Miguu ilikwenda ovyo, na kila machela ilipotikisika Ema aliguna.

"Imbeni, jamani," alisema Tabea. "Anaumia."

"Tuimbe upi?" aliuliza Kefa.

Vestina alikuwa akitembea kando, mkono wake kwenye paji la Ema. Ghafla akaanza kuimba, kwa sauti ya chini, kwa Kibena. Haukuwa wimbo wa kanisani. Ulikuwa wimbo wa kupalilia ulezi, ule ambao wanawake huimba wakiwa wameinama mstari mmoja, na watoto wamefungwa migongoni. Tabea aliusikia, akaukumbuka. Aliuimba na Vestina mara ya kwanza walipokuwa wasichana wadogo, katika shamba la mama yake Vestina. Akaupokea.

Wale wanaume wote walikuwa wamebebwa migongoni mwa mama zao katika mashamba ya ulezi. Mwendo wa wimbo ule waliujua kabla hawajajua kutembea. Kefa akaupokea, Alois akaupokea, hata Kasimiri akaupokea, kwa sauti nzito isiyo na mpango. Miguu ikashikana. Machela ikatulia, ikapanda mlima bila kutikisika.

"Hapo, sasa," alinong'ona Ema.

Walipofika juu, wimbo ulikuwa umerudiwa mpaka umechoka. Njia ilikuwa bado ndefu. Ndipo Mwalimu Alois alipogeuza kichwa chini ya mwanzi.

"Mzee Kefa. Anzisha ule wenu, ule wa siku ya Gideoni. Tutafuata."

Kefa aliusawazisha mwanzi begani. Kisha akaanzisha. Wakatoliki hawakujua maneno yote, wakaimba yale waliyoyajua. Ulipokwisha, Kefa alisema, "Sasa wenu, Mwalimu. Ule wa Mama Maria." Wakauimba nao, na Filbert, aliyekuwa akichechemea nyuma kwa fimbo, aliujua ubeti wa pili kuliko Wakatoliki wenyewe. Hakusema aliujifunzia wapi.

Saa za mchana walifika barabarani. Lori lililotoka Makambako kwenda Songea, limebeba chumvi na vitambaa, lilisimama. Dereva alimwona Ema, akaamuru magunia yasogezwe. Vestina na Tabea walipanda naye. Kichwa cha Ema kilikuwa mapajani mwa Tabea, na miguu yake mapajani mwa Vestina, mpaka Njombe.

Hospitalini daktari alimpima, akampa dawa ya sindano, akamlaza katika chumba cha giza na ukimya. Alitoka baadaye, akawakuta wale wanawake wawili wamekaa benchi moja.

"Ni nani aliyewaambia mmlete?" aliuliza.

"Huyu," alisema Tabea.

"Alifanya vema. Mngechelewa kidogo tungeongea mengine. Na mjue jambo hili, mkawaambie na wenzenu. Mwenye mimba akivimba uso na mikono, au kichwa kikimuuma sana, au macho yakiona giza, msingoje uchungu. Mleteni siku hiyohiyo. Tena mimba ikiwa ya kwanza, au kama kwenu ni mbali, mama aje mapema, akae karibu na hospitali mpaka siku yake ifike."

Jua lilikuwa bado juu siku ya pili mtoto alipolia. Alikuwa wa kike, mdogo, na mwenye sauti kubwa. Ema alikuwa hai. Tabea alipoambiwa, alimgeukia Vestina. Vestina alimshika. Wakalia wote wawili, wakiwa wamekumbatiana kwenye ukumbi wa hospitali, mbele ya watu wasiowajua.

"Nisamehe kigoda," alisema Tabea.

"Kigoda gani?"

"Siku ile sikukusogezea kigoda."

Vestina alicheka huku akijifuta macho. "Basi utanisogezea tukirudi."

Waliporudi Idenge, watu wa pande zote mbili walikutana kando ya kijito. Hakuna aliyeacha kanisa lake, wala hakuna aliyeombwa kuacha. Lakini Kefa alisema jambo ambalo alikuwa akilifikiri tangu siku ile ya mlimani. Alisema kwamba Bwana Yesu, alipokaribia kuteswa, hakuwaombea watu wake mali wala nguvu. Aliwaombea wawe kitu kimoja. "Nimelisoma neno hilo miaka mingi," alisema Kefa. "Sikujua lina uzito kiasi gani mpaka nilipolibeba begani."

"Amina," alisema Mwalimu Alois.

Kisha wakafanya kazi. Walichukua mianzi ya machela moja, iliyokuwa imara zaidi. Tabea alifumua ushonaji wake mwenyewe, akalilaza blanketi lake juu ya blanketi la Wakatoliki, na yeye na Vestina wakayashona pamoja. Ikawa machela nene na yenye joto. Hawakuiweka kanisani wala kigangoni. Waliiweka kwa Mzee Gideoni, ambaye nyumba yake iko karibu na kijito. Wanaume wote waliobaki kijijini wakaandikwa zamu, bila kujali ni wa wapi. Jumapili alasiri walikutana hapo uwanjani kujifunza nyimbo, za huku na za kule.

"Jifunzeni vizuri," aliwaambia Mzee Gideoni. "Mimi nikibebwa tena sitaki kutua kwenye nyasi."

Wa kwanza kubebwa kwenye machela ile mpya alikuwa Kasimiri, aliposhikwa na homa ya mapafu. Walutheri walimwimbia wimbo wa Bikira Maria mlima mzima. Yeye, amelala na homa yake, alifumbua jicho moja akasema, "Kefa, umeruka ubeti." Alipona.

Yoeli alirudi mkataba wake ulipokwisha, akamkuta mtoto anacheka. Jumapili iliyofuata wakampeleka kubatizwa. Wakatoliki walitoka kwenye ibada yao, wakavuka kijito. Hawakuingia ndani ya kanisa, maana desturi za wakati ule hazikuruhusu. Walisimama nje, chini ya paa la nyasi, karibu na dirisha. Vestina alikuwa mbele yao.

Ndani, mchungaji alimpokea mtoto mikononi. Alikuwa mgeni, alikuja kutoka mbali mara chache kwa mwaka.

"Jina lake?"

"Vestina," alisema Ema.

Mchungaji alitazama juu. Katika usharika ule hakukuwa na mtu mwenye jina hilo. "Ni jina zuri," alisema. "Katika ukoo wenu limetoka wapi?"

Yoeli alimtazama mama yake. Tabea alikuwa ameshageuka, akiangalia dirishani. Pale nje mwenzake wa utotoni alikuwa ameziba mdomo kwa kona ya kitenge chake.

"Ng'ambo ya mto, mchungaji," alisema Tabea. "Si mbali."